Mke Wangu Anafanana na Taa ya Vifaranga

Alhamisi, Ruiru. Manyunyu tangu alfajiri, na ile baridi inayoingia kwa magoti bila kupiga hodi.

Kutoka Thika mpaka Ruiru hakuna mtu anayeijua stima kunishinda. Miaka ishirini na sita katika kiwanda cha nguo Thika nimeishika kwa mikono hii. Nimepanda nguzo, nimeiambia waka ikawaka, nimeiambia zima ikazima. Mainjinia walikuwa wakikwama wananitumia mtu mbio.

Uongo mtupu. Nilikuwa nabeba ngazi. Fundi anapanda, mimi naishikilia chini nikiangalia soli za viatu vyake. Miaka ile yote, kitu cha stima nilichogusa kwa ruhusa ni swichi ya choo.

Nasema ukweli huu leo kwa sababu nimechoka na uongo. Sijaokoka, msianze kupiga vigelegele. Nimechoka tu, kama mtu anavyochoka na kiatu kinachobana.

Nyambura amelala. Ni mke wangu, mama ya Waweru, na tumekaa pamoja miaka mingi kuliko meno niliyobaki nayo. Kando ya kitanda kuna mashine ya oksijeni, ukubwa wa ndoo ya maji, inanguruma kama paka aliyeshiba. Mrija unatoka kwa mashine unaingia kwa pua yake. Stima ikiwa iko, anapumua kama watu. Stima ikipotea, kuna mtungi mmoja mfupi wa chuma hapo pembeni, na mshale wa mtungi huo jana jioni ulikuwa umegusa rangi nyekundu.

Hiyo ndiyo habari yote ya leo. Hayo mengine ni kueleza vile nilivyoileta mwenyewe nyumbani.

Transfoma yetu ni ndogo. Iliwekwa wakati huku kulikuwa na kahawa na nyumba za kuhesabu kwa vidole. Leo inabeba nyumba ishirini na tisa, pampu ya kisima, mashine ya posho, na mafundi wawili wa kuchomelea mageti. Kila msimu wa baridi ilikuwa inalipuka, boom, halafu tunakaa giza wiki nzima tukila nyama kwa haraka kabla haijaoza.

Na kuita stima kulikuwa na ustadi wake. Ukipiga simu useme stima imepotea, unaambiwa subiri. Ukisema nguzo imelalia nasari na watoto wamo ndani, gari linafika kabla hujarudisha simu mfukoni. Mtaa huu mimi ndiye niliyeufundisha hayo. Nilikuwa nawapangia zamu: leo wewe una moto, wewe una mwanamke anajifungua, wewe una ng'ombe aliyepigwa na waya. Mwaka mmoja tuliua ng'ombe watatu, na hapa kwetu hakuna mtu anafuga hata mbuzi.

Watu walinipenda kwa hiyo. Sitadanganya, nilipenda kupendwa.

Halafu akaja Karani.

Ilikuwa Jumapili moja baada ya kanisa, kabla ya Krismasi iliyopita. Tuliitwa kwa ukumbi wa shule ya nasari, tukakaa kwa vile viti vya watoto, magoti masikioni. Injinia alikuwa msichana mwenye miwani na sauti ndogo. Akatuambia kampuni ya stima imekubali kuzifungulia hizi akili za mashine macho, zione laini papo hapo: stima inavyoshuka kutoka Thika kuja huku, kila transfoma imebeba mzigo gani sekunde hii, kila mita ya nyumba inakula kiasi gani. Mtaa wetu utapewa akili yake. Itakesha ikiangalia. Mzigo ukitaka kuzidi, haitangoja transfoma ilipuke. Itazima mstari mmoja wa nyumba kwa muda, iwashe, izime mwingine.

Mimi nilifika darasa la sita na nusu. Nusu ile ilikatizwa na karo na tabia. Lakini neno "haitalipuka" nililielewa, na wote tukapiga makofi. Tukaibatiza Karani, kwa vile kazi yake ni kuangalia na kuandika.

Nikainua mkono, si mnanijua.

"Madam, hiyo kitu itaona nikichemsha githeri?"

"Itaona mzigo umepanda, mzee. Sufuria haitaiona."

"Na nikichemsha githeri ya jirani?"

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Hata injinia alicheka, akavua miwani akaifuta. Nilitembea kwenda nyumbani nikijihisi kijana wa miaka hamsini.

Kesho yake Karani akatutumia maswali kwa simu. Majina, namba ya nyumba, watu wangapi. Swali moja lilisema hivi: je, nyumbani mwenu kuna mgonjwa anayetegemea mashine ya stima? Nyumba ya namna hiyo haitazimwa, hata mstari wake ukizimwa.

Tulikuwa kwa bucha ya Kimani, nyumba namba tisa, ng'ambo ya barabara. Kimani ni mtu mnene mwenye roho nyembamba, lakini supu yake ni nzuri. Nikasoma hilo swali kwa sauti mara mbili, nikapiga kaunta.

"Andikeni ndiyo."

"Guka, na wakija kuangalia?" Kimani akauliza. Mtaa wote huniita hivyo, yaani babu.

"Nani aje? Ni Karani. Umemwona miguu?"

Mnaona vile mtu anavyojichimbia shimo akichekesha watu?

Nyumba ishirini na saba ziliandika ndiyo. Mtaa mzima ukawa wodi. Kimani aliandika mtoto mwenye mashine ya moyo. Hana mtoto, na moyo tunaujadili. Mwalimu Gathoni, mwenyekiti wetu, mwanamke aliyestaafu ualimu na aliyewafundisha watoto wetu Amri Kumi, aliandika mama mkwe mwenye mashine ya figo. Huyo mama mkwe tulimzika nikiwa bado na nywele.

Mimi niliandika: Mke. Mapafu.

Siku hiyo Nyambura alikuwa nje akikanyaga blanketi kwa beseni, sketi imefungwa juu, anaimba. Alikuwa na kikohozi tu. Kile kikohozi cha vumbi la pamba alichotoka nacho kiwandani Thika, kwenye mashine za kusokota nyuzi, ndiko tulikokutana. Nilichagua mapafu kwa sababu ya hicho kikohozi, ili uongo wangu uwe na mguu wa kusimamia.

Niliandika nikimwangalia kupitia dirishani.

Nyumba mbili tu ziliandika hapana. Moja ni tupu, mwenyewe yuko ng'ambo na aliulizwa kwa simu. Ya pili ni ya Mama Halima, anayeuza vitambaa vya pazia karibu na steji. Nilimfuata kwa duka lake nimweleze asibaki nyuma.

"Mzee, mimi siandiki ndiyo."

"Kwani Karani atakwambia nini?"

"Sio Karani. Ugonjwa hauitwi kwa jina. Ukiualika, unajua njia."

Nilimcheka. Nilimcheka wiki nzima. Nikamwita Mtakatifu wa Mapazia. Nikamtumia sauti kwa simu nikijifanya Karani: "Mama Halima, nimeona umesema ukweli, hapa tumeshtuka sana." Nilimtumia kama kumi na nne hivi. Kuanzia ya kumi na tano hazikufika. Alinifungia namba, na mimi nikaona hiyo pia ni kichekesho.

Wiki sita zikapita. Siku moja asubuhi simu zote za mtaa zikalia pamoja. Karani ameandikia nyumba ishirini na saba ujumbe mmoja, kwa adabu, kama barua ya shule: tamko la mgonjwa limeondolewa, matumizi ya stima ya nyumba hii hayalingani na mashine ya kumtunza mgonjwa. Kumbe mashine ya mgonjwa hula stima sawasawa mchana na usiku, bila kupanda bila kushuka, na Karani alikuwa ameangalia mita zetu sekunde kwa sekunde akaona watu wanawasha, wanazima, wanaenda kulala. Kwa nyumba zote ishirini na saba hakuna kitu kilichokuwa kinapumua.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo.

Mimi nilienda kwa Kimani nikasema, "Basi tumpe kitu cha kupumua."

Ile taa nyekundu ya kupasha vifaranga, mnaijua. Inakula stima kidogo, sawasawa, siku nzima. Nikaambia watu waiweke chini ya meza na waisahau. Wakanunua. Duka la dawa za mifugo lilidhani Ruiru yote imeingia biashara ya kuku. Siku tatu Karani aliamini. Ya nne akaandika tena: nyumba nyingi zimeanza matumizi ya namna moja kwa wakati mmoja, kwa hivyo tangu leo matumizi ya mita hayatakubaliwa kuwa ushahidi wa mgonjwa. Atakubali barua iliyothibitishwa na hospitali. Kama barua inangojewa, atakubali kwa muda neno la mkaaji wa mtaa huu ambaye tamko lake halijawahi kuonekana la uongo, na ambaye amemwona mgonjwa kwa macho.

Tulicheka hiyo pia. Tulisema Karani amekuwa hakimu.

Baada ya Pasaka kikohozi cha Nyambura kikabadilika sauti. Kikawa kinatoka mbali, kama mtu anayeita kutoka ndani ya kisima. Siku moja alikuwa anaokota maharagwe akashindwa kuinuka. Hospitalini walimpiga picha, wakamweka kitanda kando ya mwanamke aliyekufa siku ya pili, na mwingine akaletwa akafa pia. Daktari akaniita pembeni akasema mapafu.

Neno lenyewe. Nililisikia kama mtu anayesomewa mwandiko wake.

Wiki tatu zilizopita tulirudi nyumbani na mashine. Wiki mbili za kwanza hatukuzimwa hata mara moja, nikadhani nimesamehewa kimyakimya. Halafu hii baridi ikakaa. Watu wakawasha vya kupasha maji, mafundi wa mageti wakapata kazi nyingi, na zile taa ishirini na kitu bado zinawaka chini ya meza, kwa sababu hakuna anayeamini Karani ameacha kuzihesabu. Kuanzia saa nane mchana transfoma inalemewa. Karani anaanza kuzima mistari.

Jumatatu nilipeleka barua ya daktari. Niliipiga picha mara nne mpaka kidole changu kikatoka kwenye picha. Karani akajibu mara moja: asante, barua imepokelewa, itathibitishwa na hospitali, jibu litapatikana Jumatatu ijayo. Nikamwandikia, lakini wewe unaona mita yangu, unaona kuna kitu kinakula stima mchana na usiku. Akajibu kwamba anaona. Akasema matumizi ya nyumba yangu, namba kumi na saba, yanafanana na ya nyumba nyingine ishirini na tatu za mtaa huu.

Anafanana na taa.

Mke wangu, kwa macho ya Karani, anafanana na taa ya vifaranga.

Nilikaa na hiyo simu mkononi. Nilitaka kukasirika, nikatafuta pahali pa kushikia hasira sikupata. Karani hakusema uongo. Anaona stima yote kutoka Thika mpaka hapa mlangoni, anaona kuliko mainjinia wote niliowahi kuwashikia ngazi, na anachokiona ni kweli. Mimi ndiye niliyempaka tope machoni, halafu sasa namuuliza kwa nini haoni.

Sio mbaya, huyo Karani. Tangu aje, transfoma haijalipuka hata mara moja. Hiyo lazima niiseme.

Zamani kulikuwa na karatasi. Stima itapotea Jumanne, saa tatu mpaka saa kumi na moja. Unapanga mambo yako. Siku hizi hakuna karatasi, kwa sababu Karani anaamua kwa vile mzigo ulivyo dakika hiyo. Jumanne mstari wetu ulizimwa saa nane unusu. Ng'ambo ya barabara stima ilikuwa iko. Nikaweka mashine kwa wilbaro, nikamfunga Nyambura shuka, mtungi begani kwangu, tukavuka kwenda kwa Kimani. Hatua sitini. Alisimama mara tano. Watu walikuwa wanatazama, na yeye ni mwanamke ambaye hata mkate hawezi kununua bila kuvaa kitambaa kizuri kichwani.

Tukafika, tukachomeka, mashine ikanguruma. Nyambura akafunga macho. Nikahesabu dakika ishirini.

Halafu ikanyamaza. Mzigo ulikuwa umehama. Mstari wetu umewashwa, wa Kimani umezimwa.

Nyambura alifungua jicho moja. "Baba Waweru," akasema, "turudi ama tungoje ituone tukivuka?"

Hiyo ilikuwa Jumanne. Betri msiniambie. Ile tuliyo nayo ni ya taa na televisheni, mashine inaimaliza kabla chai haijachemka. Kwa dada yake kule Ngoliba stima inapotea kama mgeni anayedaiwa. Hospitali Nyambura amekataa kurudi. Amesema kile kitanda anakijua, na majirani wake wa kitanda anajua walienda wapi.

Jana nilitoka nikaenda kumwona Mwalimu Gathoni. Nilimkuta kwa jikoni akichambua sukuma wiki.

"Mwalimu, wewe ni mwenyekiti. Mwambie Karani umemwona Nyambura."

"Nilishamwambia. Jana."

"Akasema?"

Hakuinua uso. "Akasema anashukuru, lakini tamko langu mwenyewe halikuwa la kweli."

"Mama mkwe."

"Mama mkwe," akasema. "Na tukikiri tunangoja mwezi mzima ndio tuaminiwe tena. Nimekiri asubuhi hii. Mwezi, Mzee. Ana mwezi?"

Mwalimu, na miaka yake sabini na mbili, akachukua kisu. Alikata sukuma mpaka ikawa laini kama majani ya chai.

Kutoka hapo nikapita nyumba kwa nyumba. Nikasema, zimeni hizo taa, angalau mzigo upungue, angalau mstari wetu usizimwe kila siku. Wanne wakazima mbele yangu, Mungu awabariki. Wengine walinifungulia mlango tayari wanatabasamu. Hiyo ndiyo iliniumiza. Wanatabasamu kabla sijafungua mdomo.

Kimani alikuwa na wateja. Akawaambia, "Ngojeni, Guka ameleta mpya."

"Kimani, zima ile taa yako."

"Haiya! Si ni wewe ulisema isizimwe hata Yesu akirudi?"

"Nilisema. Sasa nasema izime. Mke wangu anakosa pumzi."

"Guka, hiyo nayo ni gia gani?" Akageukia wateja. "Huyu mzee anataka tuzime sisi, abaki na stima peke yake. Namjua, huyu!"

Wakacheka. Walikuwa wanacheka vizuri, bila ubaya, vile nilivyowafundisha. Nilisimama hapo na kofia mkononi na nikagundua kwamba sina uso mwingine wa kuwaonyesha. Nikilia watasema huyu mzee ni fundi. Kimani mwenyewe Jumanne alimwona Nyambura kwa kiti chake akipumua kama samaki, na bado hana hakika.

Alinifungia nusu kilo ya nyama, akakataa nimlipe. Taa hakuzima.

Nilirudi nikakuta stima imepotea na Nyambura amekaa kando ya dirisha na mtungi. Mwalimu alikuwa amenitangulia kumwamkia, na alikuwa amemweleza yote. Fomu, bucha, taa, yote. Mimi nilikuwa sijamwambia. Miezi yote hii sikumwambia, na huyo ndiye mtu ninayemwambia hata nikiota mbu.

Nilingoja anitukane.

"Uliniandikisha ugonjwa," akasema, "kabla mwenyewe sijaupata."

"Niliandika."

"Ungeniandikisha utajiri, wewe mzee."

Akaanza kucheka. Nyambura hucheka kwa mabega. Mabega yakapanda, yakashuka, halafu kicheko kikashika pumzi kikaenda nayo, na midomo ikawa rangi ya zambarau. Nilifungua mtungi mpaka mwisho. Pumzi ilichukua muda mrefu sana kurudi. Mpaka sasa sijui ni dakika ngapi, na mimi ndiye mtu wa kuhesabu dakika.

Daktari alikuwa amesema asichekeshwe. Nilidhani ni utani wa daktari.

Miaka yote ya ndoa yetu, hiyo ndiyo kazi pekee niliyoifanya vizuri. Kiwandani nilibeba ngazi, shambani nilikuwa mvivu, kanisani nilikuwa nalala. Lakini jioni nilikuwa nikiingia kwa huo mlango na Nyambura anacheka kabla sijavua koti. Sasa naingia natembea polepole na naongea habari za hali ya hewa. Jana usiku alikula vijiko vitatu vya uji na mimi nikamweleza juu ya manyunyu.

Kuna kitu nimewaza asubuhi hii na sijakipenda. Kwamba Karani amepewa macho ya kuona stima yote, na sisi tulikuwa na macho ya kuonana tangu zamani. Kwa mtaa huu hatukuhitaji fomu. Kila mtu alikuwa anajua nani mgonjwa na nani anajifanya, na ukitaka kujua unaingia bila hodi unafunua sufuria. Tukaambiwa semeni ukweli kwa huyu mmoja asiyeweza kuingia, na hapo hapo tukamwona mjinga. Nilimdharau kwa sababu hana miguu.

Sasa sina matumaini mengi. Naandika hivyo kwa sababu ni hivyo. Kutoka leo mpaka Jumatatu kuna michana minne, huu wa leo ukiwa mmoja wao, na mtungi hauna hata mchana mmoja kamili ndani yake. Wa kujaza mitungi Thika amesema gari lake linapita huku Jumamosi. Waweru yuko Mombasa kwa meli za watu, anapiga simu kila saa, na kila saa namwambia mama yake ni mzima. Unaona? Bado nadanganya. Hata nikiwa nimechoka.

Jirani wa ng'ambo niliyempigia, mwenye nyumba tupu, alikuwa mpole. Akasema, "Mzee, ningemwambia Karani, lakini ataniuliza kama nimemwona, na mimi niko kwa theluji." Nilimshukuru. Huyo naye ni mtu wa ukweli, na ukweli wake haunisaidii.

Basi amebaki mtu mmoja.

Mama Halima, hii sehemu ni yako. Najua unasoma hapa kwa ukurasa wangu wa mtandao, kwa sababu mwezi uliopita uliandika chini ya habari yangu ya mahindi kwamba nimekosea bei. Dukani kwako wameniambia uko Garissa kwa harusi ya mpwa wako mpaka Jumatano. Nimekupigia mara tisa na naona bado umenifungia namba. Ulifanya vizuri. Hata mimi ningejifungia kama ningejua pa kubonyeza.

Siku ile Nyambura alirudi kutoka hospitalini ulikuja na chupa ya uji wa pilipili manga. Ulinipita mlangoni bila salamu, ukakaa kando yake, ukaunyoosha ule mrija ulipokuwa umejikunja shingoni, mkaongea mpaka uji ukaisha. Mashine ilikuwa inanguruma hapo miguuni pako. Ulimwona. Mtaa mzima ni wewe tu uliyemwona na ambaye Karani anaweza kumwamini.

Mwaka ule mama yako aliugua ukaenda kumuuguza, nilikulishia kuku wiki tatu. Ulirudi ukawakuta wote, isipokuwa yule jogoo, na ya jogoo tulishayamaliza. Ulisimama kwa geti langu ukasema, "Mzee, hii nitakulipa siku moja, hata kama ni kitu kidogo."

Ni kitu kidogo. Namba yangu iache ilivyo, sistahili. Mwandikie Karani, au mtumie sauti, useme nyumba namba kumi na saba kuna mgonjwa na umemwona kwa macho yako. Sekunde kumi, hata ukiwa na hina mikononi mtu anaweza kukushikia simu.

Ukiweza, iwe kabla ya saa nane mchana.